Kwa nini wasomi wa dini mpya hawataki kutuambia nabii yupi ni tapeli?

#1 Fundi Spika
Wakuu, salaam.

Juzi nilikuwa kwenye kongamano la kitaaluma kuhusu dini mpya na mambo ya kiroho, chuo kikuu kimoja hapa hapa Afrika Mashariki. Sikwenda kama msomi, nilikwenda na mitambo yangu ya sauti, kwa hiyo hakuna mada iliyonipita. Mtu anasimama anakueleza Kanungu, kule Uganda kanisa lilikoteketea na waumini, Shakahola, msitu wa Kenya zilikofukuliwa maiti za waumini, na Lakwena, nabii wa kike wa Uganda. Anajua wafuasi walitoka wapi, waliimba nini, nani aliuza shamba. Unasisimka. Likija swali kutoka ukumbini, "Daktari, kwa hiyo huyu alikuwa mtumishi au tapeli?", anakunywa maji kwanza. Halafu: "Hilo si swali la taaluma yetu."

Karibu wote walijibu hivyo. Mimi silipwi kuuliza maswali, nikanyamaza, lakini hapa nauliza. Mtu anatafiti nabii mmoja miaka na miaka, kisha hana la kusema kama ni wa kweli? Tunasomesha wa nini? Na swali la pili, ambalo nalo walilizunguka: hivi watu wanafuata nini huko?

#2 Bint Pangani
Nimevuta kigoda. Moderata, uzi huu usiunganishwe na ule wa mafuta ya upako tafadhali.

#3 Mwalimu wa Zamu
Mleta mada, walikuwa sahihi. Msomi wa dini akianza kutoa vyeti vya unabii anakuwa mhubiri mwingine tu. Ukimpa ruhusa ya kumhukumu nabii wa jana, itabidi ahukumu na wa miaka elfu mbili iliyopita, na hapo hata wewe utamzimia kipaza sauti.

Chukua mfano wa Eileen Barker, profesa wa pale London School of Economics. Miaka ya sabini Uingereza nzima ilikuwa inapiga kelele kwamba wafuasi wa Mkorea Sun Myung Moon wanaosha vijana ubongo. Yeye hakupiga kelele. Alifuatilia watu waliohudhuria semina zao za London, akahesabu waliojiunga. Zaidi ya asilimia 90 walikwenda zao nyumbani. Kama hiyo ni dawa ya kuosha ubongo, basi haina nguvu. Mwaka 1988 akaanzisha kituo cha kutoa taarifa, mzazi anapiga simu anaambiwa kundi fulani linaamini nini na linaishije. Hukumu anabaki nayo mzazi.

#4 Jiwe la Gizani
Mwalimu, umeandika vizuri. Sasa peleka hiyo taarifa Shakahola. Maiti zaidi ya 400 zimefukuliwa, nyingi za watoto. Watoto hawakuhudhuria semina wala hawakupewa nafasi ya kurudi nyumbani. Hapo "si swali la taaluma yetu" ni woga.

#5 Chuma Chakavu
Jibu la swali la pili ni neno moja: umaskini. Uzi ufungwe.

#6 Mwana wa Kilifi
Mimi ni wa huku, Malindi. Naona watu wanaandika kana kwamba Mackenzie, yule mchungaji wa Shakahola, aliota msituni usiku mmoja. Kanisa lake lilianza 2003, mjini, watu tukipita nje tunasikia spika. Mwaka 2017 alishakamatwa, habari za kuwazuia watoto wasiende shule. Akahubiri kwamba Huduma Namba, ile namba ya utambulisho ya serikali, ndiyo alama ya mnyama. Mwaka 2019 kanisa likafungwa, akahamia msituni, wafuasi wakagawiwa viwanja katika vijiji vyenye majina ya Biblia: Galilaya, Bethlehemu, Yudea.

Na wewe Chuma Chakavu, walioingia mle si maskini wote. Alikuwemo mpaka mhudumu wa ndege. Watu waliuza nyumba na magari ndipo wakaingia. Maskini hana gari la kuuza.

Jingine: watu wanasema "walikufa kwa kufunga". Wapasuaji walikuta njaa kweli, lakini wakakuta pia watu walionyongwa na waliokoseshwa pumzi. Msiuite mfungo tu. Yeye alikana mashtaka mahakamani, hilo waachiwe majaji, ila miili haikani.

#7 Dada Mhasibu
Umaskini uliulizwa swali Samunge, Loliondo, mwaka 2011 ukashindwa kujibu. Kikombe cha dawa ya Babu kilikuwa shilingi 500, mwenye nacho na asiye nacho bei moja, na foleni ile ilikuwa imejaa Land Cruiser. Mawaziri walikunywa. Waliokuwa na haraka wakaenda kwa helikopta! Mtu mwenye bima ya afya na daktari wake Nairobi amelala ndani ya gari nyika ya Ngorongoro akisubiri kikombe cha plastiki.

#8 Chuma Chakavu
Hao walikuwa maskini wa akili.

#9 Bint Pangani
😂😂 Mtu akibanwa huwa anaongeza neno moja mbele.

#10 Nuru ya Asubuhi
Ndiyo hasara ya hawa manabii wa kilokole. Babu angekuwa na kanisa linaloeleweka asingefanya vile.

#11 Mlutheri wa Kusini
#10, Mchungaji Ambilikile Mwasapile alikuwa mchungaji mstaafu wa KKKT, na Askofu Thomas Laizer wa Dayosisi ya Kaskazini Kati alisimama naye hadharani. Kanisa gani linaeleweka kuliko hilo?

Hata sijui kama Loliondo inaingia kwenye mada. Babu hakuanzisha dini. Hakubatiza mtu, hakuwa na kadi za uanachama, Waislamu walikunywa wakarudi msikitini kwao. Alisema ameoteshwa na Mungu mti wa mugariga, akachemsha, basi. Alipofariki Julai 2021 hakuacha madhehebu yoyote nyuma yake.

#12 Fundi Spika
Mlutheri, hiyo hoja ilibishaniwa sana kule. Dada mmoja alitaka Loliondo iitwe harakati ya kidini, mzee mmoja akakataa kata kata, akasema ile ilikuwa hija ya tiba. Dakika zikaisha, mwenyekiti akapiga kengele.

Niwape na umbea kidogo. Chakula cha mchana, vipaza sauti vimezimwa, mimi nakunja waya pembeni. Yule yule aliyesema "si swali la taaluma yetu", mkononi ana paja la kuku, anamwambia mwenzake kuhusu nabii aliyemtafiti: "Yule bwana ni mwizi tu."

#13 Jiwe la Gizani
KUMBE! Wanajua.

#14 Mwalimu wa Zamu
Hata hakimu ana maoni yake akiwa mezani kwake. Hayaandiki kwenye hukumu.

#15 Mama Wawili
Naomba niseme la kwangu. 2011 mama yangu mzazi alikuwa kwenye ARV. Walikwenda Samunge kundi zima la kanisani, wakarudi wanaimba. Babu, kwa ninavyojua, hakumwambia aache dawa. Yeye mwenyewe aliona kuendelea kumeza ni kutokuamini. Tulimzika mwaka uliofuata.

Sijawahi kumchukia yule mzee. Lakini msomi akija kwangu na daftari aniulize "mama alipata maana gani katika kikombe?", nitampa chai, atakunywa, ataondoka na hilo jibu hatalipata.

#16 Bint Pangani
Pole sana dada yangu.

#17 Mlutheri wa Kusini
Pole Mama Wawili.

#18 Kando ya Lubumbashi
Jambo bandugu. Kiswahili yetu munaijua, basi nitaandika kile cha shule.

Hapa kwetu ndipo Simon Kimbangu alipofia, gerezani, wakati mji unaitwa Elisabethville, Oktoba 1951. Kazi yake ya kuhubiri na kuponya kule Nkamba ilidumu miezi tu, mwaka 1921. Wabelgiji wakamhukumu kifo, mfalme wao akageuza kuwa kifungo cha maisha, akakaa ndani miaka 30. Leo kanisa lake lina mamilioni ya watu, na mwaka 1969 lilipokelewa katika Baraza la Makanisa Ulimwenguni. Yule mzungu aliyemhukumu hakunywa maji kwanza. Alikuwa na uhakika kabisa kwamba huyu ni mwongo na mchochezi. Jiwe la Gizani, wasomi wanaogopa kukaa kwenye kiti cha yule hakimu.

#19 Jiwe la Gizani
Ndugu wa Lubumbashi, umechagua mfano mtamu ukauacha mchungu, na uko huko huko kwenu. Tomo Nyirenda, aliyejiita Mwana Lesa, mwana wa Mungu. Mwaka 1925 alikuwa anabatiza watu Rhodesia ya Kaskazini, akavuka hadi Katanga. Anayezama vizuri ni mcha Mungu, asiyezama vizuri ni mchawi, basi anashikiliwa humo humo majini mpaka afe. Waliuawa watu wengi sana kabla hajakamatwa, Waingereza wakamnyonga 1926. Huyo naye tumsubiri aingie Baraza la Makanisa?

#20 Kando ya Lubumbashi
Ni kweli, sikatai. Lakini machifu ndio waliomwita awasafishie vijiji wachawi. Nabii hakuja na kisu peke yake, alikuta mkono unaomngoja.

#21 Mjukuu wa Matumbi
Mnazunguka mbali, mmeruka Ngarambe, chimbuko la Vita vya Maji Maji. Kinjikitile Ngwale alipandwa na pepo Hongo mwaka 1904, watu wakaanza kumiminika kutoka Rufiji na milima ya Matumbi kwenda kupata maji. Makabila yasiyoelewana yakanywa dawa moja. Wajerumani wakamnyonga Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita ikaendelea mpaka 1907, na njaa iliyofuata ikaua watu kwa malaki. Risasi haikugeuka maji. Kwa kipimo cha uzi huu, Kinjikitile ni tapeli au shujaa? Maana shuleni tulifundishwa shujaa, na mwalimu aliyefundisha hakuwahi kutuambia tuamini maji.

#22 Ngosha Halisi
Ile ilikuwa vita ya ukombozi bwana. Usiichanganye na mafuta ya upako.

#23 Mjukuu wa Matumbi
Aliyekunywa maji hakuwa na vyumba viwili kichwani, kimoja siasa kimoja dini. Waulize wazee waliohojiwa 1968, Chuo Kikuu cha Dar kilipotuma wanafunzi vijijini kukusanya habari za vita. Wanazungumza kodi, pamba ya kulazimishwa na mizimu katika pumzi moja.

#24 Jaduong Migori
Nyumbani kwa babu yangu ni Legio Maria. Mnaijua kwa kanzu za rangi na misalaba, mnacheka barabarani. Ilijitenga na Kanisa Katoliki mwanzoni mwa miaka ya sitini, Simeo Ondeto akiwa kiongozi, makao Got Kwer. Kichekesho ni hiki: Wakatoliki wenyewe walipoacha Kilatini baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, Legio wakaendelea nacho. Babu alikuwa anasali Kilatini, na shule hakuona.

Naongeza sababu ambayo naona wanaume humu hamuitaji. Mwanzoni nguvu kubwa ya Legio ilikuwa Gaudencia Aoko, mwanamke kijana aliyebatiza na kuponya umati, wakati kwa padri mwanamke alikuwa anafagia altare tu. Bibi yangu alifuata pale alipoweza kusimama akasema.

#25 Dada Mhasibu
Asante Jaduong, nakazia. Alice Auma, yule Lakwena, aliongoza jeshi kutoka Acholi mpaka karibu na Jinja mwaka 1987. Mwanamke kutoka kaskazini, bila cheo chochote. Ni kanisa gani au chama gani kingempa hata kiti cha katibu?

#26 Ngosha Halisi
Na Credonia Mwerinde wa Kanungu naye mwanamke. Mbona huyo humtaji?

#27 Dada Mhasibu
Nimesema wanawake walipata sauti. Sijasema wote waliitumia vizuri.

#28 Sharifu wa Barazani
Assalaam alaykum. Mnaongea kana kwamba dini mpya ni jambo la Wakristo. Ahmadiyya waliingia pwani hii tangu miaka ya thelathini, asili yao Qadian, India, 1889. Mashekhe wetu waliwakataa na mpaka leo wanawakataa, lakini tafsiri ya kwanza ya Kurani kwa Kiswahili ni yao, 1953. Kaluta Amri Abedi, bingwa wa mashairi na meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, alikuwa Ahmadiyya. Sheikh Abdullah Saleh Farsy alipotoa tafsiri yake kamili mwaka 1969, sehemu ya kazi ilikuwa kuwajibu hao.

#29 Mwalimu wa Zamu
Sharifu, ya kwanza ni ya Godfrey Dale, padri wa Kianglikana wa misheni ya UMCA, 1923. Ya Ahmadiyya ndiyo ya kwanza kutoka kwa wanaojiita Waislamu.

#30 Sharifu wa Barazani
Ya padri siihesabu.

#31 Bint Pangani
Haya sasa, kongamano limehamia barazani 😂

#32 Mganga Msomi
Mmeorodhesha njaa, wanawake, wakoloni, machifu. Hakuna hata mmoja aliyethubutu kusema kwamba yale mambo yapo. Pango la Nyabugoto, ambako Mwerinde alisema amemwona Bikira Maria, lilikuwa mahali pa roho ya Nyabingi tangu zamani. Watu walikuwa wanapeleka haja zao pale kabla padri wa kwanza hajafika. Kile kilichomtokea mama yule hakikuanza naye. Wasomi wanaandika "walisema wameona". Kwa nini haiwezekani kwamba waliona?

#33 Jiwe la Gizani
Waliona, wakapigilia misumari milango na madirisha, kanisa likateketea Machi 17, 2000 na mamia ndani. Baadaye vikafukuliwa vyumba vyenye maiti nyingine chini ya sakafu. Kama hiyo ni roho, basi ikamatwe na polisi.

#34 Mganga Msomi
Nimeuliza kama waliona. Sijasema walichokiona ni kizuri.

#35 Mwalimu wa Zamu
Turudi kwenye swali la "wanafuata nini". Kuna utafiti wa zamani wa Wamarekani wawili, John Lofland na Rodney Stark, uliochapishwa 1965. Walilifuatilia kundi dogo la Moon kabla halijawa maarufu. Walitegemea kukuta watu wamevutwa na mafundisho. Wakakuta watu wamevutwa na marafiki na ndugu walioko ndani, na walioingia ni wale ambao huku nje hawakuwa na wa kuwashika. Mafundisho walijifunza baadaye. Angalieni hata Shakahola: mke anatangulia, mume anafuata, watoto wanabebwa.

#36 Mwana wa Kilifi
Hapo kuna ukweli wake. Ila wapo waliokuwa na ndugu tele, na ndugu hao ndio walioripoti polisi mara kwa mara wasisikilizwe mpaka Aprili 2023. Kwa hiyo mimi sababu yangu ni serikali kulala. Hamjaiweka kwenye orodha.

#37 Ngosha Halisi
Serikali ifanye kama Rwanda. Mwaka 2018 walifunga makanisa zaidi ya 700 Kigali, wakatunga sheria mchungaji awe na shahada ya theolojia. Safi. Kenya wao waliunda kikosi kazi chini ya Mchungaji Mutava Musyimi, na makaratasi yakaongezeka.

#38 Jaduong Migori
Dominic Kataribabo wa Kanungu alikuwa padri kamili, mwenye shahada ya uzamili kutoka Marekani. Kwa sheria ya Kigali angepewa leseni. Babu yangu wa Kilatini asingepewa.

#39 Chuma Chakavu
Hilo bao.

#40 Mtoto wa 2001
Wazee wetu, mnapigania makanisa, sisi wenzenu tumehama. Vijana wengi ninaowajua Dar hawaendi popote. Wanachoma udi wa kihindi, wanaandika malengo kwenye karatasi usiku wa mwezi mpevu, wanasema "ulimwengu utaleta". Rafiki yangu ana mawe ya rangi chini ya mto, kanunua bei ya godoro. Hakuna nabii, hakuna sadaka, hakuna wa kumfunga jela. Kule kwenye kongamano walisema chochote?

#41 Fundi Spika
Mada moja tu, tena saa ya usingizi baada ya chakula. Mtoa mada alisema watu hao hawajitambui kama dini, ndiyo maana ni kazi kuwahesabu.

#42 Bint Pangani
Mwezi mpevu na udi? Bibi yangu Pangani alikuwa anafanya hayo, tukamwita mshirikina. Angezaliwa sasa hivi angekuwa na wafuasi laki TikTok.

#43 Jiwe la Gizani
Mwalimu, nilikuwa nakutafutia hii. Machi 1995 kundi la Aum Shinrikyo lilimwaga gesi ya sarini kwenye treni za chini ya ardhi Tokyo. Miezi miwili baadaye wataalamu wa dini mpya kutoka Marekani, akiwemo J. Gordon Melton, jina kubwa kabisa kwenye fani, walipanda ndege kwenda Japani kwa gharama za Aum wenyewe, wakawatetea mbele ya waandishi wa habari kwamba wanaonewa. Hilo ndilo zao la kutohukumu. Unaanza kwa kusikiliza, unaishia umekatiwa tiketi.

Na Chuma Chakavu, waliotengeneza gesi walikuwa wanasayansi waliosoma vyuo vikuu. Mmoja wa walioimwaga alikuwa daktari bingwa wa moyo. Umaskini uko wapi?

#44 Mwalimu wa Zamu
Aum ni doa, siliondoi. Sasa na wewe beba la Waco, Marekani, 1993. Wasomi wawili wa Biblia, Phillip Arnold na James Tabor, walikuwa wanazungumza na David Koresh, nabii aliyezingirwa na FBI pamoja na wafuasi wake, kupitia redio na kanda kuhusu mihuri saba ya Ufunuo, na akaahidi kutoka akimaliza kuiandika. FBI wakaona ni porojo. Tarehe 19 Aprili wakaingia na vifaru, moto ukawaka, watu 76 wakafa na watoto wakiwemo. Waliomwita tapeli tangu siku ya kwanza ndio waliokuwa na vifaru.

#45 Jiwe la Gizani
Angetoka kweli?

#46 Mwalimu wa Zamu
Alikuwa ameshaanza kuandika.

#47 Jiwe la Gizani
Hujanijibu.

#48 Kimya Kingi
Habari zenu. Nimewasoma tangu mwanzo na nina swali la hapa hapa, si la Tokyo. Dada yangu anafuata nabii mmoja wa mtandaoni, simtaji. Ameacha kazi, sasa ni wiki za kufunga mfululizo, na amehamia kwa "familia ya kiroho" mkoa mwingine. Tunafanyaje?

#49 Jiwe la Gizani
Polisi, leo. Andikisha maelezo, chukua namba ya taarifa. Usisubiri.

#50 Mwalimu wa Zamu
Msimkatie simu hata akiwahubiria. Mpigieni habari za kawaida: shangazi kaumwa, mtoto kafaulu. Msimtukane nabii wake mbele yake. Wengi wanaoingia hutoka wenyewe, ila wanatoka kama kuna mlango uliobaki wazi nyumbani.

#51 Mwana wa Kilifi
Mwalimu, kwa heshima: huku kwetu walioambiwa wasubiri walisubiri. Kimya Kingi, uliza jambo moja tu, anakula? Kama hali, fuata ushauri wa #49.

#52 Mganga Msomi
Mleteni Bagamoyo, nina mtu.

#53 Dada Mhasibu
Mganga tulia. Kimya Kingi, angalia na miamala ya simu yake kama kuna mtu nyumbani aliyeachiwa laini. Pesa zinakwenda kwa nani, zinakwenda lini. Polisi watakuuliza hicho kwanza.

#54 Kimya Kingi
Asanteni. Kwenye simu anasema anakunywa uji jioni. Kaka na mama wanaondoka na basi la alfajiri kesho. Mimi dada kanikataza nisije, anadai nina maswali mengi.

#55 Mama Wawili
Nenda nao.